Jina Lako Jiweni

Mdogo wangu Anselme, marehemu mpendwa,

Mbuzi wazima, mvinyo umechacha, goti langu linanitukana kila ngazi. Jana, katika kumbukumbu ya kila Novemba kwenye mnara wa mashujaa, meya alisoma majina yaliyochongwa, ambayo sasa ni mengi kuliko wanaume tuliobaki kijijini. Alipofikia lako, wote tukaitikia, "Alikufa kwa ajili ya Ufaransa!" Mimi nilipaza sauti kuliko wote.

Baadaye askari Roubaud akanishika bega. "Mzee Fulcran, nani anakuandikia kutoka Ajentina?"

"Mchumba. Una wivu, mwanangu?"

Hakucheka.

Unasema utarudi Pasaka. Watakufunga kwa kutoroka vitani, nami kwa kukuficha. Usije, wala usiandike tena. Wewe endelea tu kuwa marehemu. Mimi nitakuua kila Novemba, kwa sauti kubwa.

Kaka yako, mwenye machozi ya kweli,
Fulcran