Prosesa ya Rukia

Jumapili, 3 Agosti
Zamu ya uwanja wa ndege imeisha. Miguu imevimba. Chai, halafu kutafuta prosesa tena, ule ubongo wa kompyuta. Binti yangu Rukia anaanza chuo Houston, usanifu majengo, na nimemwahidi kompyuta ya kuunganisha wenyewe. Mfuko unaruhusu prosesa ya bei ya chini tu. Zimebaki mbili. Moja ina kasi leo, lakini soketi yake, pale inapopachikwa kwenye bodi, ni ya zamani. Ukitaka kubwa zaidi baadaye, unabadilisha bodi nzima. Nyingine goigoi kidogo, ila soketi mpya. Mwaka kesho unachomoa, unapachika yenye nguvu. Nataka hii goigoi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimelikumbuka duka letu la kompyuta Mombasa, mimi na kaka yangu. Feni ya dari. Vumbi tukilipuliza kwa mdomo. Mteja alinunua mashine dhaifu, kisha akawa anarudi kuongezewa hiki na kile. Akirudi alikaa mpaka magharibi, kahawa na soga. Nayatamani yale maisha. Hapa Euless, Texas, mtu hakai.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimegombana na Rukia. Nimemwambia haraka haraka haina baraka, likizo aje nayo nimuongezee nguvu. Akanijibu, "Baba, michoro ni ya sasa. I need it fast now, si next year."
Baadaye mama yake, Mwanaisha, akaniuliza kama nanunua prosesa au nanunua likizo. Nimekasirika kwa sababu ni kweli. Nataka awe na sababu ya kurudi. Naiogopa nyumba bila yeye.

Jumamosi, 9 Agosti
Kutwa nimeiwaza nyumba ya baba, Kisauni. Aliacha nondo zimechomoza juu ya paa ili sisi wanawe tuje tujenge ghorofa. Hakuna aliyejenga. Mzee alizitazama zikiota kutu mpaka akafa, na mimi niko huku naendesha basi la abiria wa ndege.
Nimepita dukani. Nimechukua ile yenye kasi. Rukia ameipachika mwenyewe, ulimi nje, kama alipokuwa akijifunza kufunga kamba za viatu. Sikutia mkono wangu.

Jumapili, 17 Agosti
Jana tulimpeleka Houston. Leo ametuma picha ya mchoro kwenye skrini; anasema unafunguka papo hapo. Nimefurahi. Nimefagia chumba chake. Kompyuta ile haina cha kuongezwa. Akija likizo, atakuwa amekuja kutuona tu.