Acheni Kugonga Sakafu

Jumatatu, 9 Juni

Mama Mkubwa amelazwa. Uvimbe tumboni. Anapasuliwa Jumatatu ijayo asubuhi.

Kaka, mtoto wake, amenipigia nikiwa kazini. Nikasahau pasi juu ya shati la mteja. Kola imeungua, bosi kafoka hadi mvuke wote ukaisha. Afoke tu.

Jioni nilipiga kisigino sakafuni mara moja — ndivyo tunavyoitana nyumbani kwetu. Mama ni kiziwi tangu utotoni, huisikia sakafu kwa nyayo zake. Akageuka kutoka dirishani, nikamweleza kwa mikono. Nilipomaliza, aliendelea kunitazama mikono, kama vile nitaongeza jambo la heri.

Anataka kwenda. Aende vipi? Mguu una plasta hadi gotini, na safari yenyewe ni ya basi kutwa kucha. Kushuka ngazi zetu tu ni shughuli. Basi akasema: nimwone kwenye simu. Niongee naye kabla hawajampasua.

Mama Mkubwa naye ni kiziwi. Kwa hiyo simu ya sauti haina maana, lazima waonane. Tukajaribu kwa bando. Mtandao kwenye jengo hili ni balaa! Sura ya Mama Mkubwa ikaganda mdomo wazi, mkono mmoja hauonekani. Mtu anayesikia, picha ikiganda anabaki na sauti. Mama picha ikiganda, basi tena. Tukanunua bando kubwa zaidi, ikaganda vizuri zaidi.

Kaka anasema tujirekodi tutumiane video. Mama kakataa kata kata. Anataka kuuliza na kujibiwa. Hawa dada wawili walilala kitanda kimoja utotoni, wakiongea gizani kwa kuandikiana viganjani. Leo aambiwe atume video kama mtangazaji?

Nimesema hivi: kabla ya Jumatatu wataongea. Nipende nisipende kuombaomba, wataongea.

Jumanne, 10 Juni

Wi-Fi. Ndiyo dawa.

Nimefungua simu nione mitandao iliyo hewani hapa nyumbani. Orodha ndefu! Mmoja unaitwa "Nunua Yako". Mwingine "Usiniulize Password". Watu wana maneno. Wenye nguvu kuliko yote, vimistari vimejaa: "ACHENI KUGONGA SAKAFU". Nikacheka peke yangu. Kuna mtu anateswa huko.

Yote ina kufuli.

Shemeji akapita kuchukua suruali zake. Huyu mume wa dada yangu kila jambo analo la njia ya mkato, ndiyo maana tunamwita Bwana Mkato. Akasema ana programu, unaiweka kwenye simu, inatafuta password ya mtu yenyewe. Eti kila mtu anafanya. Nikamwambia nataka Mama aongee na dada yake, sitaki aongee na polisi. Akasema mwenyewe hatajua. Nikamwambia mimi nitajua. Na hiyo programu ikiingia kwenye simu yangu, yeye haingii tena kwenye nyumba yangu. Akaondoka na suruali zake, amenuna.

Mambo ya kwetu tutayaomba mchana kweupe.

Jumatano, 11 Juni

Nimeomba ruhusa mchana. Kwanza maktaba. Pale Wi-Fi ni ya wote: unachagua jina, ukurasa unafunguka wenyewe, unaandika namba yako ya simu, wanakutumia namba za siri kwa ujumbe, unaziingiza, umeingia. Kitu na boksi! Nikampigia kaka kwa video nijaribu. Inaita, inaita, inakata. Tena. Inakata.

Nikamfuata mkutubi. Akaniambia kwa kunong'ona kwamba video zote zimefungwa, hata za simu, watu walikuwa wanakuja kutazama mpira. Nikamnong'oneza na mimi: bwana, hawa wawili ni viziwi, hutapata wateja watulivu kama hao maisha yako yote. Akacheka hadi akajiziba mdomo. Lakini akasema kufuli si lake, limetoka makao makuu. Nikamuamini. Alionekana anasikitika kweli.

Kisha mgahawa wa kona. Unanunua chai, password imechapwa chini ya risiti. Picha safi! Nimemwona kaka hadi chunusi ya kidevuni. Nilitaka kuruka. Halafu nikauliza wanafunga saa ngapi. Alasiri. Na hospitali inaruhusu wageni jioni tu. Nikamuomba mhudumu watuachie wazi Jumapili. Akasema Jumapili hawafungui kabisa.

Nimerudi na miguu inawaka. Mama ameuliza kwa nyusi tu. Nikamwambia bado. Akarudi kulikunja shuka lile lile alilokuwa ameshalikunja.

Alhamisi, 12 Juni

Sijafanya lolote. Kazi hadi jioni, mashuka ya hoteli, hayaishi. Uvimbe umekua kuliko walivyodhani, kaka anasema. Sijamwambia Mama hilo. Nikimficha ananiona usoni, kwa hiyo nimeosha vyombo nimempa mgongo.

Ijumaa, 13 Juni

Leo! Niandike lote.

Nilijiambia: mtandao wenye nguvu hivyo mwenyewe hawezi kuwa mbali. Nikatoka na simu mkononi, macho kwenye vimistari. Kupanda juu vikapungua. Kushuka vikajaa. Mlango ulio chini yetu kabisa — pomoni. Pana kibao: SAA HUTENGENEZWA HAPA.

Ndipo likanijia. Chini yetu. Acheni kugonga sakafu. Ni sisi! Sisi ndio tunaosemwa!

Nikasimama pale nimeiva uso. Nusura nirudi. Nikabisha hodi.

Akafungua mzee mmoja mwembamba, ana lenzi imeng'ang'ania jichoni. Nikamsalimia shikamoo, nikasema ninakaa juu. Akaniitikia kwa shida, kisha akasema, "Ala! Kumbe mnajua kubisha hodi. Kufungua ndiyo hamjui."

Na akaanza. Tangu ahamie, kila siku gu! gu! juu ya kichwa chake. Anashika skrubu ndogo kama chawa, gu!, skrubu imeruka. Amepanda kugonga mlango wetu mara kadhaa, anasikia mtu anatembea ndani, hafunguliwi. Akaona basi, watu wa siku hizi hawasomi karatasi mlangoni, wanasoma simu. Akaandika huko.

Nikasema nimekuja kuomba Wi-Fi. Ulimi wangu huu! Ungeweza kusubiri kidogo.

Akacheka kicheko kibaya. Akasema yaani nimpasulie dari halafu nimuombe na mtandao. Akafunga mlango.

Nikapanda ngazi kwa hasira. Nikafika kwetu. Mama ameketi jikoni, magongo kando, mkononi simu ya zamani aliyoachiwa na Mama Mkubwa, anaangalia picha zao za sikukuu. Sikuingia hata hatua. Nikashuka tena.

Safari hii nilisema kabla hajafungua vizuri: Mama yangu ni kiziwi. Ulipogonga hakusikia. Tunapiga sakafu ili ageuke.

Akaivua ile lenzi. Jicho lake lina duara jekundu.

"Na ile gu! nzito, ya tangu mwezi uliopita?"

Gongo, nikamwambia. Amevunjika mguu, sasa ananiita kwa gongo.

Akakaa kwenye kigoda. Akasema, "Mimi nilimtukana pale mlangoni. Nilimtukana haswa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, halikumfika tusi hata moja. Akanitazama, akapasuka kwa kicheko, safari hii kizuri. Na mimi nikacheka, halafu nikalia, halafu nikamweleza habari za Mama Mkubwa huku najipangusa kwa kitambaa chake cha kufutia saa.

Nilimuomba radhi na nilimaanisha. Miaka yote hiyo hatukuwahi kufikiria kwamba sakafu yetu ni dari ya mtu. Mama hawezi kusikia kishindo, na mimi nimekulia ndani yake, kwangu ni sawa na kuitwa jina.

Amesema nije kesho na simu. Password yake hatoi, hata kwa mwanawe hajatoa. Ila ipo njia.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi Saa ni mtu wa taratibu. Kwanza alinifutia kiti.

Router yake iko rafuni kati ya saa za ukutani, kila moja inasema saa yake. Nyuma ina kitufe: ukikibonyeza, simu inaunganishwa bila password. Akabonyeza, taa ikapepesa, tukatafuta kwenye simu yangu pa kukubali. Hakuna! Simu mpya zimekiondoa. Akaitukana simu yangu kidogo. Halafu akafungua mipangilio kwenye simu yake, akawasha mtandao wa wageni — umetengana na wake, una password yake, na ameuwekea muda ujizime Jumatatu jioni. Akaniuliza uitwe nini. Nikasema "Ghorofa ya Juu". Ikatokea ile picha ya vimiraba vyeusi kwenye kioo chake, nikaielekezea kamera yangu, mara nimeunganishwa. Hata kuandika sikuandika! Na mwenyewe ameniingiza kwa mkono wake.

Nikatangulia, naye akapanda kumsalimia Mama. Akagonga mlango. Nikamwambia kutoka ndani: bado hujajifunza? Nikamwonyesha swichi ya taa ya sebuleni: ukiingia unazima na kuwasha, anageuka. Alifanya kwa heshima kubwa. Mama alimpima toka juu mpaka chini, kisha akampa jina hapo hapo: vidole mviringo jichoni. Lenzi! Fundi Saa akalirudia jina lake mwenyewe mara nyingi mno, kama mtoto aliyepewa filimbi.

Tumejaribu kila chumba. Kwa Mama kimistari kimoja. Jikoni karibu na sinki, juu kabisa ya meza yake ya kazi, vimejaa. Basi ni jikoni, kesho jioni; leo muda wa wageni umeshapita. Akaonya kwamba router yake ni kuukuu, ikipata moto huduwaa. Ikiduwaa nimjulishe aizime aiwashe.

Tangu jana tunatembea kwa ncha za vidole. Nimemkataza Mama kugonga. Ananiita kwa kunirushia kitambaa cha vyombo.

Jumapili, 15 Juni

Naandika jikoni, juu ya mfuniko wa jaba la maji. Nisipoandika nitapiga kelele.

Tulipiga muda wa wageni ulipoanza. Kaka akapokea, akaigeuza simu. Mama Mkubwa! Safi kabisa, hadi mikunjo ya mto. Amekonda. Mkono wa kulia una dripu, umefungwa kwenye kibao, hauongei. Nilimwona Mama akiliona hilo. Akauweka mkono wake wa kulia mgongoni, akaanza kuongea kwa wa kushoto peke yake. Ili wawe sawa.

Nilipaswa kugeuka, ni maneno yao. Sikugeuka. Wametaniana kuhusu nani mzee zaidi. Mama Mkubwa amemuuliza mguu, akamwambia hata kuanguka hajui. Mama amecheka hadi akaegemea sinki. Kisha wakaacha kucheka. Mama akauliza unaogopa? Mama Mkubwa akajibu ndiyo. Akasema kuna jambo nataka kukwambia, nitazame vizuri. Akaanza: nikiamka —

Ikaganda.

Mkono wa kushoto juu, vidole nusu wazi. Nikiamka. Basi, hapo hapo.

Nikaipiga piga simu kama mjinga. Mtandao wa wageni umepotea kwenye orodha. Nikafikiri nimpigie Fundi Saa, salio sina, nikafikiri nishuke mbio, nikawa natafuta ndala moja chini ya meza —

GU! GU! GU!

Mama! Kwa gongo! Amesimama kwa mguu mmoja, ameshika sinki, anaishindilia sakafu kwa nguvu zake zote. Nikamshika mkono, nikamwambia tumekubaliana, usigonge, mzee wa watu! Akanisukuma. Akagonga tena.

Halafu akatulia ghafla. Akaangalia miguu yake. Ule mzima, akauvua kandambili, akaukanyagisha sakafuni mtupu.

Ndipo na mimi nikasikia. Kutoka chini. Mpini wa ufagio kwenye dari. Gu, gu, gu.

Mama akanigeukia. Sijawahi kumwona na uso ule. "Kajibu," akasema.

Sasa tunasubiri. Huko chini anaizima na kuiwasha, najua, nasikia kigoda kinaburutwa. Kwenye orodha yangu bado haumo. Mama amekaa tena mbele ya simu, mguu mtupu umebanana na sakafu. Mkono wake wa kushoto ameuinua vile vile kama wa dada yake kwenye kioo, vidole nusu wazi, ameushikilia hapo hapo ili wasianze upya. Muda wa wageni haujaisha. Naangalia vimistari. Kimoja kime—