Bunduki ya Kupigia Sahani

Jumanne, tarehe 3 mwezi wa sita

Masanja mwanangu, una kichwa au una kibuyu juu ya shingo? Nimekutuma Kahama ukaangalie bunduki ya kulinda boma, umerudi na picha ya bunduki ya mchezo. Mtutu umekaa juu ya mtutu, mirefu kama mwiko wa msibani, kitako kimepakwa mafuta kinang'aa. Eti muuzaji kakwambia watu wa mgodini Geita wanaipenda. Wanarushiwa sahani za udongo hewani, wanazivunja, wanapigiana makofi. Watu wazima wana ndevu. Mimi nilivunja sahani kwa mama yangu nikachapwa.

Sina shida na sahani. Nina shida na fisi.

Kamng'ata mtoto wa Mama Shija, jirani yangu wa upande wa lambo la maji. Asubuhi, anaenda shule. Mkono utapona, wamesema hospitali. Lakini fisi alipita kwangu kwanza na mbuzi wangu hakuwagusa. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Wanasema fisi hali kwa mwenyewe, mchawi anayemfuga. Wanasema tazama macho yake yule bibi. Ni kweli ni mekundu. Miaka yote napikia kuni mbichi na mavi ya ng'ombe, yawe meupe kwa dawa gani?

Kibali cha bunduki kimetoka, kina jina langu. Bunduki moja tu. Huyo fisi afe, alale hapo mchana watu wamwone ni mnyama kama mbwa. Asipokufa yeye nitakufa mimi, kwa panga. Wazee wenye macho kama yangu wameshakatwa huku kwetu, si hadithi. Naogopa. Nimeandika, basi.

Ijumaa, tarehe 6

Kisimani wamenyamaza nilipofika. Wakaanza kuongelea mahindi. Mahindi gani, shamba limeshavunwa lote.

Watoto hawanipi shikamoo tena. Wanapita mbali wakiangalia miguu yao. Wamefundishwa, mtoto hajitungii dharau.

Jana jiwe kwenye bati. Nikatoka nikatukana mpaka sauti ikakauka.

Masanja bado na bunduki yake. Mama, ile ya sahani nzuri. Mama, ile haina fujo. Bunduki isiyo na fujo ya nini? Nimemwambia Jumatatu naenda mwenyewe. Amekosa amani kabisa, hata chai hakumaliza. Sijui ana nini huyu.

Jumatatu, tarehe 9

Kahama. Vumbi, malori ya Isaka yanapiga honi kama yamefiwa.

Muuzaji kijana ananiuliza, "Bibi, unamnunulia nani?" Nikamwambia namnunulia fisi. Akacheka. Mimi sikucheka, akaacha.

Anadhani sijui kitu. Marehemu mume wangu aliwinda kanga na kwale kwa bunduki ya marisau, mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Nilikuwa namkemea akikosa, siku moja akanitupia, haya piga wewe. Nikapiga. Akanuna siku nzima. Alipokufa serikali ikaichukua, sikuwa na kibali.

Nimezishika zote. Hiyo ya sahani kwanza. Nzito mbele. Muuzaji anasema ndiyo uzuri wake, ukishaanza kuizungusha inafuata kinachoruka. Midomo ya mitutu imebanwa, marisau yanakwenda yameshikana, mbali. Fisi wangu haruki wala haji mbali, anakuja uani. Na risasi za chembe kubwa hazifai kwenye mdomo uliobanwa hivyo, kakiri mwenyewe. Hiyo inataka chembe ndogo. Fisi atajikuna tu aende zake.

Ya pili ya kukoki kwa mkono, ndiyo wanabeba walinzi. Inameza risasi nyingi. Nikavuta, ikakwama katikati kwa sababu nilivuta nusu. Kijana anasema utazoea. Fisi atanisubiri nizoee?

Ya mtutu mmoja nyepesi, lakini inapiga teke kama punda. Na ukikosa umekosa.

Ya mwisho kaitoa nyuma, imeshatumika, mbao imechubuka. Mitutu miwili ubavu kwa ubavu, mifupi. Nikaiweka begani ikakaa kama nimepimiwa. Triga mbili. Ya mbele ni mtutu ulio wazi, wa karibu. Ya nyuma ni uliobanwa kidogo, wa akikimbia. Nachagua kwa kidole, hakuna cha kukoki. Nikasema hii.

Nilipogeuka namwona Masanja, aliyenisindikiza, ananong'ona na muuzaji, anaomba risasi za kanga. Nikamuuliza za nini. Akaenda kusimama mlangoni. Nimechukua za chembe kubwa.

Tumepita polisi wakaandika namba. Nimelala Nyahanga kwa wifi yangu.

Jumatano, tarehe 11

Nimefunga boksi la sabuni kwenye mnyaa wa ua nikapiga kutoka mlangoni. Matundu yamekaa pamoja, ukubwa wa ungo. Vizuri. Bega limeuma.

Kamanda wa Sungusungu, walinzi wa kijiji, amekuja. Mtu mwenye adabu, amekaa, amenipa shikamoo. Akasema vijana wake watamkamata mwizi, watamfuata ng'ombe mpaka Buseresere, lakini fisi huyu hawampigi. Ni fisi wa mtu. Ukimpiga, mwenyewe anaanguka huko aliko. Nani anataka kuua binadamu? Nikamwambia afisa wa wanyamapori ameruhusu, akiingia bomani apigwe. Akasema afisa si wa hapa.

Basi Masanja. Mkono wangu unatetemeka siku hizi, yeye ana macho na nguvu. Nikampa bunduki. Hakuipokea. Mwanamume mwenye mke na watoto, akalia mbele yangu.

"Mayu, mama yangu, nikimpiga yeye ukaanguka wewe, nitamwambia nani?"

Sikuelewa. Halafu nikaelewa. Ile bunduki ya sahani. Zile risasi za kanga. Alikuwa anatafuta bunduki isiyoua. Amezunguka Kahama nzima kuniokoa na fisi wangu.

Nimembeba mgongoni huyu, nimemlimia pamba akasoma. Na yeye anadhani labda ni kweli.

Nilitaka kumpiga kibao. Nikashindwa kunyanyua mkono. Majirani niliwavumilia. Hili silijui nilivumilie vipi.

Ijumaa, tarehe 13

Mama Shija amesema mbele ya watu dukani, mtoto wake akipata homa ya kidonda mimi nitajua. Nitajua nini? Mtoto nampenda, alikuwa anakuja kwangu kula karanga.

Boma langu lote hakuna anayeniangalia usoni. Mke wa Masanja ananiwekea uji mlangoni kama naumwa kifua kikuu.

Nitampiga mwenyewe. Nife basi, tujue moja.

Jumamosi, tarehe 14

Nilitupa matumbo ya mbuzi nyuma ya zizi jana jioni. Alfajiri nikakaa kwenye gunia, mgongo ukutani. Baridi ya mwezi wa sita inaingia kwenye mfupa. Bunduki nikailaza juu ya goti.

Kaja kulipopambazuka, anachechemea. Mzee. Kumbe mzee kama mimi, meno yamekatika. Ndiyo maana anafuata watoto.

Triga ya mbele. Karuka kageuka. Triga ya nyuma. Kalala.

Watu wakaja, kijiji kizima. Nikasimama pembeni nisikie watakavyosema, ah, kumbe fisi tu. Hakuna aliyemwangalia fisi. Wananiangalia mimi. Wanangoja nianguke.

Kamanda akauliza, "Mama Masanja, huumwi popote?"

Mimi na mdomo wangu. Nikasema bega, limepigwa na kitako.

Wakamgeukia fisi. Marisau yamempata begani. Begani, upande uleule. Mtu akanong'ona, halafu wengine wote. Nikawaambia wajinga nyie, mtu akipiga bunduki bega linauma, waulizeni askari. Hakuna aliyenisikiliza. Wameondoka polepole, kama watu wanaotoka kuaga mgonjwa.

Jumapili, tarehe 15

Homa. Ya baridi ile, au malaria, au vyote. Mifupa inagonga.

Silali. Nikilala mchana wamepata ushahidi. Nimevaa kitenge kizuri nimekwenda kanisani, nimekaa benchi la mbele, nimeimba mpaka kichwa kikazunguka. Jasho linatiririka. Benchi langu nilikaa peke yangu.

Nimerudi nimefagia uwanja. Nimeshika ufagio kwa sababu unasimamisha mtu.

Jumatatu, tarehe 16

Nimechota maji. Nimetapika njiani nyuma ya mnyaa, nikafukia kwa mguu kama paka. Mwanamke mmoja wa lambo ameniona. Kwa hiyo wote wameniona.

Sijawahi kuogopa kitanda changu. Leo nakiogopa.

Jumanne, tarehe 17

Asubuhi tulivu. Hakuna jiwe.

Masanja kaja mwenyewe na chai, kaingia ndani, kakaa kwenye kigoda. Mara ya kwanza tangu siku ile aliyolia. Akagusa paji langu, akautoa mkono haraka. Akaangalia bega langu. Nikamfungulia nguo alione. Jeusi kwa bluu, umbo la kitako lilivyo, hata kona ya mbao imejichora. Akaliangalia sana. Akanifunika vizuri, kama mtoto anavyofunikwa.

Sijui anaamini nini sasa. Nimechoka kumuuliza.

Masanja, sikiliza. Leo mchana, jua likiwa kichwani, unipakie kwenye baiskeli unipeleke zahanati. Usipite nyuma ya lambo. Pita katikati, dukani, kisimani, mlangoni kwa Mama Shija. Wakiuliza wanakwenda wapi hawa, jibu kwa sauti, mama ana malaria anakwenda kupimwa. Karatasi ya majibu uishike mkononi wakati wa kurudi, usiiweke mfukoni. Na usilie njiani. Nenda kajaze matairi upepo.