Waya Ulioukata kwa Ajili ya Unadhifu

Mpendwa kijana niliyekuwa mimi,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu ndivyo barua inavyoanza, nawe ulikuwa mtu wa kutaka kila kitu kianze inavyopasa. Usidhani kuna zaidi. Barua hii ni ya wazi. Nitaisoma kwa sauti mbele ya watu, na baadhi yao wanakukumbuka. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mutomo. Wewe ulikuwa mwalimu wa Mutomo mwenye miaka thelathini na minne, nywele zote kichwani, suruali yenye mkunjo wa pasi, na imani thabiti kwamba hujawahi kukosea.

Mwezi uliopita nililishusha sanduku uliloliweka juu ya kabati. Unajua kilichomo: lile gari dogo la kuongozwa kwa redio, ambalo sisi wa klabu tuliliita bagi, uliloachiwa na mhandisi wa visima alipomaliza kazi yake na kurudi kwao. Klabu yetu ilikufa, kisha ikafufuka huko Malili, katika uwanja uliosawazishwa na vijana wanaofanya biashara kando ya barabara kuu. Wameanzisha shindano la magari ya zamani pekee. Katibu wao alinipigia simu.

"Mzee wetu, tumesikia ile bagi bado iko. Si uilete? Watu waone vile mlikuwa mnafanya."

Nilimvumilia lugha yake. Nilitaka kurudi uwanjani. Sikumbuki jambo jingine nililolitaka kiasi hicho tangu nistaafu.

Basi nikaanza kulifungua, na hapo ndipo tulipokutana, mimi na wewe.

Nilitarajia kukuta kazi ya fundi, maana nilikuwa nimejisimulia kwa miaka mingi kwamba ulikuwa fundi. Nilichokikuta ni kazi ya mtu anayependa kutazamwa. Kwa nje lilimeremeta. Kwa ndani ulikuwa umezipaka gia mafuta ya kujipaka mwilini badala ya grisi, eti grisi ilichafua kucha zako, na mafuta hayo yalikuwa yamegandamana na vumbi na kuwa kama utomvu mkavu. Kila skrubu uliikaza kama mtu anayemfunga mwanafunzi kinywa, hata plastiki ikapasuka pembeni. Springi mbili za mbele ulikuwa umezigeuza juu chini ili rangi zake zilingane. Zilingane na nini, ewe kijana? Nani alikuwa analala chini ya gari akizitazama?

Nilifanya kazi kwa wiki tatu. Nilizichemsha gia katika maji ya sabuni na kuzisugua kwa mswaki. Nilinunua tairi mpya kwa sababu zile zako zilikuwa zimekauka na kumeguka kama mandazi ya juzi. Mkono wa mbele wa kulia unaoshika gurudumu, ule uliovunjika siku ya fainali, niliuchonga upya kutoka ubao wa plastiki wa kukatia mboga. Mama watoto aliuliza ubao wake uko wapi, nikamwonyesha, akasema, "Sasa utakula sukuma wiki ikiwa nzima." Nilikula.

Kisha nikafika kwenye kipokezi, kile kisanduku kidogo kinachosikia amri za rimoti. Kwa kawaida hutokwa na waya mrefu mwembamba, ndio eriali yake. Waya wa bagi lako ulikuwa na urefu wa kidole cha shahada. Ncha yake ilikuwa imekatwa sawasawa kwa mkasi.

Chini ya sanduku kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha mlikuwa na waya uliobaki, umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Juu ya bahasha, kwa mwandiko wako ambao wazazi wa wanafunzi waliusifu, uliandika: "Waya wa ziada. Umeondolewa kwa ajili ya unadhifu."

Niliketi. Niliyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara nilikudharau zaidi.

Unamkumbuka Kioko? Usijifanye. Kioko, fundi wa redio wa pale Mutomo sokoni, aliyeunda bagi lake mwenyewe kwa vipuri vya kuokotezwa na kulifunika kwa kipande cha mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia. Ulikuwa ukiliita "jiko linalokimbia". Watu walicheka kwa sababu wewe ni mwalimu, na mwalimu akitania hucheka hata asiyeelewa. Kioko naye alicheka. Siku moja alikuona na mkasi mkononi akasema, "Mwalimu, hiyo waya usiiguse. Hayo ndiyo masikio ya gari." Ulimjibu kwamba siku utakapohitaji somo la redio utakwenda kwa mtu aliyesoma.

Kisha ukaukata. Ulikuwa ukifanya mazoezi katika ua wa shule, hatua ishirini kutoka ukuta hadi ukuta, na huko gari lilikutii. Lingekosaje kukutii? Hata mtu aliyeziba masikio humsikia anayemkaribia na kupiga kelele.

Fainali ilifanyika katika uwanja mkubwa. Ulijua utaratibu wetu: aliyemaliza zamu yake husimama kwenye kona, na magari ya wengine yakipinduka, yeye ndiye huyainua na kuyaweka kwa magurudumu. Kioko alikuwa amesimama kwenye kona ya mbali kabisa, karibu na ua wa miiba. Wewe ulikuwa unaongoza. Gari lako lilipofika kwake liliyumba, likapinduka. Akaliinua, akaliweka chini kwa mikono miwili, akarudi nyuma. Likaenda hatua tatu, likajigeuza lenyewe, likajitupa miibani na kuvunjika mkono.

Ulipaza sauti mbele ya watu wote: "Ana rimoti mfukoni! Mpekueni!"

Wakampekua. Alikuwa na bisibisi na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Watu wakaanza kucheka, na ulichoshindwa kukivumilia ni kicheko hicho. Ungeweza kuinyamazia aibu yako hapo. Badala yake ulikwenda nyumbani ukaandika barua ya kurasa tatu, isiyo na kosa hata moja la tahajia, ukithibitisha kwa hoja kwamba fundi wa redio ndiye pekee mwenye ujuzi wa kuvuruga gari kutoka mbali, na kwamba mjuzi hakosi mahali pa kuficha chombo chake. Uliisoma mkutanoni ukiwa umesimama.

Kioko aliuliza swali moja. "Mwalimu, uliniona kwa macho?"

Nawe ukamjibu, "Sihitaji kuona. Ninajua kufikiri."

Ulijua kufikiri! Nimekutana na majivuno mengi katika ualimu, lakini sentensi hiyo bado inanifanya nitake kuinuka na kuondoka chumbani, na siwezi, kwa sababu kila niendapo uliyeisema uko pamoja nami. Wanachama wakainua mikono. Kioko akafukuzwa.

Najua ulidhani mambo yaliishia hapo, na kwamba mtu kufukuzwa katika klabu ya magari madogo si msiba. Sikiliza basi. Sokoni watu walianza kuulizana: kama aliharibu gari la Mwalimu akiwa mbali, redio yangu ataifanya nini akiwa nayo mezani? Wakaacha kumpelekea kazi. Mwaka haukuisha kabla hajafunga kibanda na kuhamia Ikutha. Ulimwona akipakia meza yake kwenye mkokoteni. Ulikuwa na vitabu vya kusahihisha, ukapita upande wa pili wa barabara.

Wewe hukushindana tena. Ulisema huwezi kuchangamana na wahuni. Nami kwa miaka hiyo yote nilikubaliana nawe, hadi nilipoikumbuka alasiri moja, miezi michache baada ya Kioko kuhama. Ulilishusha sanduku. Ulichukua bisibisi. Ulilitazama gari kwa muda, bisibisi mkononi, kisha ukalirudisha bila kulifungua. Hapo ndipo dharau yangu ilipokamilika. Mjinga hufunzika. Wewe ulianza kushuku, ukachagua kutojua.

Sasa nitakueleza aibu yangu mimi, ili usiseme ninakutwika kila kitu. Nilipoiona bahasha nilimpigia katibu, nikamwambia kipokezi ni kibovu. "Mzee, hiyo tupa tu," akasema. "Risiva za siku hizi hata hazihitaji hiyo waya. Nikuletee moja, tufunge, basi." Maneno hayo yalikuwa matamu. Kipokezi kipya, cha zamani kwenye takataka, bahasha motoni, nami Jumamosi niko Malili na rimoti mkononi. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilizunguka na wazo hilo siku mbili nzima. Nililitambua: lilikuwa lako, lilikuwa limepigwa pasi.

Siku ya tatu nilikwenda Ikutha na sanduku.

Kioko ana duka la kutengeneza simu na taa za sola. Amenenepa, anavaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Alinitambua kabla sijafika mlangoni.

"Woi! Mwalimu! Ni wewe ama ni marehemu yako?"

"Ni mimi, Kioko."

Mkewe alichungulia kutoka nyuma. "Huyu ndiye yule?"

"Ndiye. Mletee kiti haraka, kabla hajaandika barua."

Niliketi. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, lakini nilimpa bahasha tu. Aliyasoma yaliyoandikwa juu, akabadilisha miwani, akayasoma tena kwa sauti, polepole, ili mkewe asikie: "Kwa ajili ya unadhifu." Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Mteja mmoja alipoingia, Kioko alimpa simu yake iliyokwisha kutengenezwa, mteja akatoka.

"Twende kwa uwanja," akasema.

Haikuwa siku ya mnada, kwa hiyo uwanja wa mifugo ulikuwa mtupu, isipokuwa wachuuzi wachache wa mbuzi waliokaa kivulini. Mimi nilisimama langoni na rimoti. Yeye alitembea kando ya bagi, likiwa na waya wako mfupi, kuelekea upande wa pili. Lilitii, likatii, kisha lilipokaribia ngazi ya kupakilia ng'ombe likaanza kuyumba na kujigeuza lenyewe kama lilivyofanya siku ile. Kioko akainua mikono yote miwili juu, akapiga kelele uwanja mzima ukasikia:

"Mwalimu! Ona mikono! Ni mimi, saa hii? Njoo unipekue!"

Wachuuzi wakageuka. Mmoja akauliza, "Huyo mzee amefanya nini?" Kioko akamjibu, "Ameanza kuona."

Tulirudi dukani, akaulehemu waya wako wa ziada mahali pake. Haikumchukua muda wa kunywa chai. Tuliporudi uwanjani gari lilikwenda hadi ngazi ile, likaizunguka na kurudi, bila kuyumba hata kidogo. Hicho ndicho kilichohitajika, ewe kijana: tone la risasi ya kulehemu, na dakika chache za kumsikiliza mtu uliyemwona kuwa chini yako.

Tuliporudi tena dukani, nilimwomba msamaha. Nilimwomba pia arudi katika klabu. Alizima kifaa chake cha kulehemu kwanza.

"Mwalimu, hapa tuko watu watatu. Ile barua uliisomea watu wangapi?"

"Wote."

"Na uliisoma umekaa?"

"Nilisimama."

"Basi. Andika nyingine. Usome umesimama. Nikisikia, ndio nitajua kama nakusamehe. Saa hii sijui, na sitaki kukudanganya."

Ndiyo maana ninakuandikia, na ndiyo maana ninakuandikia wewe wala si yeye. Yeye hana haja ya kuelezwa kilichotokea. Jumamosi, kabla gari lolote halijawashwa, nitasimama Malili na kuisoma barua hii yote, pamoja na sehemu ya kuvuka barabara. Vijana wengi watakuwa hawajui ninazungumzia nini. Wazee wawili waliobaki, walioinua mikono siku ile, watajua. Nitawaomba walifute azimio lao kwa sauti, kama walivyolipitisha.

Bagi litakuwa mezani, limezimwa, waya wake mrefu ukining'inia bila unadhifu wowote. Kioko akifika na kusema liende, litaenda. Akisema lisiende, au asipofika, nitalirudisha sandukuni na kuwatazama wengine wakishindana. Nalitamani shindano hilo kuliko nilivyotarajia mzee anaweza kutamani kitu cha kuchezea. Lakini nimekwisha kuona hasara ya kukupa wewe unachokitamani.

Kwaheri, kijana. Msamaha siwezi kukupa. Aliyekosewa si mimi.

Ni mimi,
mzee uliyemlea vibaya.