Mzee wa Nyuma Kabisa

Ramla, 3 Machi 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, hofu ni kwako wewe na hayo magoti. Nimemtumia jirani yako Gulnora filamu ya katuni ya Pasaka yetu Wayahudi, babu zetu wakitoka Misri, akuonyeshe kwenye simu yake. Mwanangu Mazol kaitazama hadi kaikariri. Nawe itazame, uone hata wazee walitoka Misri! Tangu mama afariki, unamngoja nani huko Bukhara? Njoo ule Pasaka na watu.

Binti yako,
Bakhor

Bukhara, 28 Machi 2019

Dada yangu Zulai, mkubwa wetu sote, shikamoo. Mkwe wangu Ilyau, mwenye nyumba. Binti yangu Bakhor. Nawe Mazol, mjukuu wangu wa mwisho: nawasalimu. Magoti yananung'unika, lakini yananitii. Naomba barua hii isomwe mezani, wote mkiwapo.

Filamu nimeiona. Kwanza nilicheka: aliyeichora amewabebesha babu zetu mikate iliyoumuka kama mito ya kulalia! Gulnora akauliza, "Kwani kosa liko wapi, mzee?" Nikamwambia, "Wangengoja iumuke, wangekuwa Misri hadi leo."

Kisha bahari ikagawanyika. Nyuma kabisa ya msafara yupo mzee mwenye furushi begani. Akageuka kutazama alikotoka. Ng'ambo sikumwona tena. Niliirudia mara tatu nikimtafuta.

"Labda wamemsahau," akasema Gulnora.

Mwaijua desturi yetu ya jioni ya Pasaka: mmoja hutoka nje, mkate usiotiwa chachu umefungwa begani, akabisha hodi, nanyi mkamwuliza atokako na aendako. Mwaka jana nilikuwa peke yangu. Nilitoka, nikabisha mlango wangu mwenyewe, nikasimama. Gulnora akachungulia: "Mzee Pinkhas, umepoteza ufunguo?"

Nikasema ndiyo.

Simngoji mtu, Bakhor. Nilikuwa namchunga mama yako. Jana nililiosha kaburi lake, nikamwomba ruhusa. Hakujibu, na unajua alikuwa hanyamazi ila anapokubali kwa shingo upande.

Basi nimekata shauri, nanyi mtalitekeleza. Ilyau akate tiketi, ya kuja tu. Jioni ya Pasaka, furushi nitalibeba mimi. Mazol asimame nyuma ya mlango, asifungue kabla ya kuniuliza nimetoka wapi. Nitajibu "Misri", kama desturi itakavyo.

Msiniulize mara ya pili, nisije nikasema Bukhara.

Baba yenu,
Pinkhas