Mawe Aliyotosa Babu Yako

Mke mwenzangu Rukia,

Salamu zako zimefika hapa Temeke. Mie mzima, ila magoti. Dada yako kajifungua mtoto wa kike, ana sauti huyo!

Unauliza mawe ya madini ya babu yako yalikwenda wapi, maana na wewe chuoni umeanza kukusanya.

Ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, alikuwa dereva wa lori la bara. Kila safari alirudi na jiwe la machimboni, la kutazama tu, akaliweka kabatini. Majina yake aliyajua yote. Sie hakutuambia, alisema mawe si mambo ya wanawake.

Nilipomzaa kitindamimba wangu Zuhura, babu yako akiwa safarini, mama mkwe alikuja kunilea arobaini. Kabatini akaona jiwe jeusi, zito, linalong'aa. "Kumbe mwanangu kaleta wanja wa manga!" Akalitwanga, akalichekecha kwa kitambaa, akawa anampaka mtoto machoni kila asubuhi. Mtoto alipendeza. Kisha likaja degedege.

Babu yako alirudi tumeshaanua matanga. Akaona unga kwenye kinu. "Mama, haya ni madini ya risasi. Ni sumu."

Ndiyo mara ya kwanza kututajia jina la jiwe.

Mawe yote aliyatia guniani, akaenda kuyatosa baharini.

Wewe kusanya, mjukuu wangu. Ila ukija nayo nyumbani, tutajie moja moja, hata tukipiga miayo.

Wageni wanauliza mbona mtoto wa dada yako hana wanja. Wacha waulize.

Bibi yako