Mama Mkwe Anavuka Mahali Ambapo Ramani Yangu Inasema Hakuna Mtu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na nakuomba usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu jambo langu ukilisikia nusu utadhani ni yale ya kila siku ya mkwe na mkwe, kumbe mimi na mama mkwe wangu hatugombani hata kidogo, tena hiyo ndiyo shida yenyewe, tungekuwa tunagombana labda nisingefanya nilichofanya.

Nafanya kazi idara ya barabara ya jiji letu, na jiji linajiandaa kupokea mabasi madogo yasiyo na dereva, yale yanayojiendesha yenyewe kwa kamera na ramani, na mimi ndiye kiongozi wa kikundi kinachopita mitaani kwa miguu na tableti mkononi kuichora hiyo ramani. Tunaweka kila kitu, taa, matuta, vituo, vivuko vyenye mistari, na zaidi ya yote tunaweka alama nyekundu penye vivuko vya mazoea, yaani pale ambapo hapana mstari wala kibao lakini watu wanavuka siku zote kwa sababu ndipo njia yao ilipo. Basi likikaribia alama nyekundu linapunguza mwendo lenyewe, liwe limeona mtu au halijaona.

Sasa mama mkwe tunaishi naye, mimi na mume wangu na watoto, na nyumba yetu iko kando ya barabara kuu, pale kwenye kona yenye ukuta mrefu wa kiwanda cha mbao. Baba mkwe alipofariki mama alijifungia chumbani, chakula hataki, redio hataki, tukasema huyu naye anamfuata mwenzake. Aliyemtoa si sisi, ni shoga yake wa tangu usichana, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye nyonga yake mbovu haimruhusu kutoka kwake, akamtumia mtu kumwambia kwamba ana mashati ya shule yamekosa wa kuyatia vifungo. Mama akainuka, akaoga, akavuka barabara kwenda kutia vifungo, na tangu hapo kila asubuhi anavuka, anarudi mchana na habari za mji mzima. Anavuka palepale mbele ya nyumba, kwenye kona, kwa sababu daraja la waenda kwa miguu liko mbali na ngazi zake zinanitoa jasho hata mimi, sembuse yeye na magoti yake. Na namna yake ya kuvuka ni moja tu, anasimama ukingoni, anainua mkono wa kulia juu kabisa, anamkazia dereva macho, kisha anatembea bila haraka kama barabara ameachiwa urithi. Madereva wamemzoea, wanamwita Trafiki, wanasimama wanampigia honi ya salamu, naye anawaambia poleni na kazi.

Kabla hatujaanza kuchora barabara kuu mkubwa wetu alituita mkutanoni akasema kila penye alama nyekundu kwenye barabara hiyo patawekwa uzio wa chuma, watu wajifunze nidhamu, maana mashine haibembelezwi. Mshauri, hapohapo kwenye kiti nilimwona mama amesimama nyuma ya chuma anatazama ng'ambo, kisha nikamwona anarudi chumbani kwake na kufunga mlango.

Basi tulipofika kona ya nyumbani nilikuwa na mwenzangu tunayemwita Kamanda, yeye ameshika tableti, na mama naye akatokea wakati uleule anavuka, mkono juu, akatuona, akatabasamu mpaka macho yakapotea. Kamanda akaniuliza, "Yule si mama mkwe wako?"

Nikamwambia, "Ndiye."

"Sasa hapa tunaweka nini?"

"Hapa hakuna kitu."

Akanitazama, akamtazama mama anavyokanyaga ukingo wa pili, akanirudia. "Kiongozi. Hakuna kitu?"

"Hakuna kitu, Kamanda, twende zetu, jua linatuchoma bure."

Akapita bila kuweka alama. Nilijiona mjanja, nikasema hapana alama, hapana uzio, mama ataendelea kwenda kwa shoga yake, na nani ameumia? Ramani ilipopelekwa juu mkubwa akanisifu mbele ya watu, akasema barabara yangu ndiyo safi kuliko zote.

Wiki iliyopita wakatupeleka uwanja wa majaribio tukaone kazi yetu inavyotumika. Mafundi walikuwa na sanamu ya mpira, wameivisha gauni kuukuu na kitambaa kichwani, wakaiweka nyuma ya kontena ili basi lisiione mapema, kisha wakaisukuma kwa kamba ikatokea njiani. Mara ya kwanza mahali pale pana alama nyekundu kwenye ramani, basi lilikuja taratibu likasimama mbali, ungeweza kuweka meza katikati mkanywa chai. Mara ya pili wakaifuta alama, kontena lilelile, sanamu ileile, na basi likaja na mwendo wake wote kwa sababu ramani imeliambia hapa hapana mtu, breki lilipiga, lakini lilikuwa limechelewa. Kichwa cha sanamu kiling'oka kikabingirika mpaka miguuni petu. Mafundi wakacheka, mmoja akakipiga teke kama mpira, nami nikacheka pamoja nao, mshauri, mdomo ulicheka wenyewe huku macho yanapima urefu wa lile kontena, maana kona yetu ina ukuta mrefu kulishinda.

Nyumbani nikajaribu kumwambia kwa upole tukiwa mezani, "Mama, yale mabasi mapya hayana dereva, itabidi sasa uwe unapita darajani."

Akacheka. "Si ndiyo yale unayoyafundisha wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi yananijua. Gari la mkaza mwanangu litanigonga mimi?" Na kesho yake fundi cherehani akanipigia kelele za furaha kutoka ng'ambo, eti hongera, gari lenu linawajua wazee, nikafahamu kwamba mama ameshamtangazia kila mteja. Nikimwambia mume wangu, ambaye ni fundi friji na anaamini kila chenye waya kina akili, ananijibu, "Mama ni mtu mzima, na hayo mabasi yana kamera, yatamwona tu," anageukia mpira kwenye televisheni.

Mabasi yanaanza kupita Jumatatu ijayo. Nikisema, nafasi yangu kazini imekwenda na pengine na ya Kamanda, halafu uzio utawekwa na mama atajua kwamba aliyemfungia njia ni mkwe wake mwenyewe, atarudi kule chumbani na safari hii sijui kama atatoka. Nisiposema, hilo hata kuliandika siwezi. Nimewaza kumwomba fundi cherehani ahamie kwetu, nimewaza kumshika mama mkono kila asubuhi wakati mimi natoka kabla hajaamka, nimewaza hata kumficha viatu. Nisaidie, nifanye nini?

Mchora Ramani

MSHAURI ANAJIBU

Mchora Ramani, mara ya kwanza barua yako imenichekesha, pale unapomwambia mwenzako hakuna kitu huku kitu chenyewe kimeinua mkono na kinatabasamu. Mara ya pili sikucheka.

Nianze na pole, kwa sababu unastahili. Napokea barua nyingi za wakwe, na bado sijaona ya mtu aliyehatarisha mkate wake ili mama mkwe aende kutia vifungo. Una moyo mzuri, na mama huyo ana bahati. Pole yangu imeishia hapo.

Ulitaka kumficha mama wakubwa wasimwone, ukamficha basi nalo lisimwone. Hukujiuliza ramani hiyo anaisoma nani? Dereva wa zamani ukimpa ramani yenye kosa ataitupa kiti cha nyuma, maana anamjua Trafiki na kona yake anaijua. Hilo basi halijawahi kufika kwenu. Litakuja na mwendo uleule uliouruhusu wewe, na likishatoka nyuma ya ukuta ni kama ulivyoona kwa macho yako. Unajua jibu kuliko mimi, ndiyo maana ulilipima lile kontena kwa macho.

Tena umeandika kana kwamba anayevuka hapo ni mama peke yake. Fundi ana wateja, au wanamdondokea kutoka mbinguni? Mashati ya shule yanavaliwa na nani? Wafanyakazi wa kiwanda cha mbao wanaruka ukuta? Umewafuta wote kwa neno moja, na wao hata vifungo hawatii.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Unaogopa kununiwa. Mimi nilinuniwa na mama mkwe tangu harusi mpaka mtoto wa pili, na nikanenepa vilevile. Aliyenuna hubembelezwa akarudi. Aliyelala chini ya basi habembelezwi.

Sasa sikiliza. Ukimaliza kusoma hapa, kunja gazeti uende kwa mkubwa wako. Leo, usingoje kesho, na usimtumie ujumbe wa simu. Ingia, funga mlango, mwambie, "Kona ya kiwanda cha mbao kuna kivuko cha mazoea, nilikiona, nikakiruka kwa makusudi, naomba alama iwekwe sasa hivi." Usianze na magoti ya mama, wala usimfufue marehemu baba mkwe. Alama kwanza, hadithi baadaye. Akifoka, mwache afoke. Akikushusha cheo, shuka, ngazi hiyo si ndefu kama ya daraja. Kamanda usimbebe na usimtose: alikuuliza mara mbili, ukamjibu mara mbili, lisemwe hivyohivyo. Na usitoke ofisini mpaka umeiona alama imeingia kwenye ramani kwa macho yako.

Hapo ndipo upiganie suala la uzio, na ulipiganie kweli, kwa sababu kwenye hilo una haki. Mchukue mkubwa wako umpeleke kwenye kona yenu asubuhi, asimame ukingoni kwa miguu yake, awaone wanaovuka. Muulize, watu hawa ukiwawekea chuma watakwenda darajani, au watauparamia na kumtokea basi mguu mmoja ukiwa bado hewani? Omba mistari, omba tuta, omba taa. Fundi cherehani na wateja wake waje waseme, na wale madereva wa honi ya salamu waje pia, wanaijua kona hiyo vizuri. Jiji likijiandaa kwa mabasi mapya kwa kuwafungia watu wake njia, halijajiandaa bado.

Anaweza kukataa, sikudanganyi. Uzio ukiwekwa, mama atapelekwa kwa shoga yake kwa kuzungukia njia nyingine, na wa kumpeleka yupo, anaitwa mwanawe. Mwambie huyo bwana kwamba kamera haina undugu na mtu, azime televisheni, siku nyingine mpira anaweza kuusikiliza akiwa njiani na mama yake. Mwenye kutengeneza friji hashindwi kumshika mzee mkono.

Mama umwambie wewe mwenyewe, na safari hii usimwambie juu ya sahani ya chakula kama mtu anayeomba chumvi. Mpeleke uwanja wa majaribio kabla ya Jumatatu. Asimame mbele ya hilo basi likiwa limezimwa, akikazie macho kiti cha dereva jinsi anavyofanya siku zote, aone hapana mtu wa kumrudishia macho. Mwanamke anayesimamisha malori kwa mkono mmoja si mjinga, ataelewa upesi kuliko mumeo. Kisha mweleze yote, hata lile neno ulilomwambia Kamanda, maana alikuwepo, na alikuwa anakutabasamia wewe. Atakasirika. Viatu vyake usivifiche, atavihitaji kukufuata jikoni akugombeze.

Na mpaka Jumatatu ipite salama na alama iwe imewekwa, omba ruhusa ya asubuhi, wewe na mumeo mumvushe kwa zamu. Usiniambie kazi hairuhusu. Kazi gani, hiyohiyo ya kuangalia watu wanavuka wapi?

Nimalizie na hili, nalo ndilo lililofanya nisicheke mara ya pili. Mama anawaambia watu kwamba gari lako linamjua. Hasemi hivyo kwa ushamba. Amekaa nyumba moja na wewe, ameona unavyomtunza, akaamini kwamba kitu ulichokifundisha wewe hakiwezi kukosa kumjua yeye. Mpaka saa hii unaposoma hapa, halimjui. Umelifundisha kwamba pale hakuna mtu. Nenda kaliambie kwamba yupo.